Naomba ushauri: tiketi za Disneyland Paris kwanza, au viza kwanza?

Wadau, habari za leo. Familia ya watu wanne kutoka Dar, watoto miaka 11 na 5, safari ni Juni shule zikifungwa.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Disneyland ya California ilipofunguliwa 1955, mlangoni mtu mzima alilipa dola 1, kisha anakata tiketi ya kila bembea anayotaka. 1982 wakahamia tiketi moja ya siku nzima. Siku hizi bei inafuata tarehe: Jumanne ya kawaida ni nafuu, Jumamosi ya likizo inapaa. Kuruka foleni nako, kulikokuwa bure, Paris wamekugeuza huduma ya kulipia tangu 2021. Hapo ndipo bajeti inapovuja, maana unalipia kila kichwa.

Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 mtu mzima, 45 mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 bure. Kwetu ni euro 225, na ukinyimwa hairudi. Huyo wa 11 anatimiza 12 Agosti. Tukichelewa, viza na tiketi yake vyote vinakuwa vya mtu mzima.

Sasa, tiketi yenye tarehe ikinunuliwa mapema halafu viza ikakawia, inabadilishika? Aliyepitia hili Juni iliyopita anijuze: alianza na kipi? Na chakula, mlibeba au mlinunua humo humo?