Senti ya Marekani ya 1807 imeliwa na kutu, hii ni 7 juu ya 6 au macho yangu?

shaba_kuukuu: Wakuu habari za humu. Niko Pennsylvania, kuna mzee kaniruhusu nipite na ditekta shambani kwake, nimetoa senti kubwa ya shaba, zile zenye mwanamke nywele zimemwagika begani. Imekuwa nyeusi na kijani, LIBERTY nusu imeshaliwa, ila mwaka unasomeka 1807 na hapo kwenye 7 kuna kitu kimejikunja chini yake. Nasikia zipo za 1807 zilizogongwa juu ya 1806. Nitajuaje kama ni yenyewe na si kutu? Na nikiipitisha kwenye ndimu na chumvi ing'ae kuna shida?

Mama Sarafu: Ndimu kamulie samaki mdogo wangu 😂 asidi itang'oa na hicho kidogo kilichobaki. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, siku kadhaa, ubadilishe maji, halafu chokonoa taratibu na kijiti cha mbao. Sindano usiguse, ukikwaruza hapo kwenye 7 utajitengenezea 6 yako mwenyewe.

fundi_lenzi: Mkuu usiikodolee macho hiyo 7 peke yake. Zamani zile kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walikuwa wanagonga namba za mwaka kwa mkono kwenye muhuri wa chuma, ule unaogonga picha kwenye sarafu, moja moja, na muhuri wa 1806 ukibaki hawautupi maana chuma ghali na kuuchonga ni kazi, wanaugonga 7 juu ya 6 maisha yanaendelea. Kwa hiyo kila muhuri una namba zake zilivyokaa, na hilo ndo linakusaidia kutu ikishakula. Za 7 juu ya 6 ziko mbili: 7 kubwa, ndo nyingi, 1 ya mwaka ina ncha juu, Sheldon, yule aliyeziorodhesha senti hizi muhuri kwa muhuri, kaipa namba S-273. Nyingine 7 ndogo na 1 butu, S-272, hiyo adimu. Sasa weka taa chini kabisa ubavuni mwa sarafu uwe unaizungusha polepole. Kutu inavimba ovyo popote, ila mabaki ya 6 yanafuata mkunjo wa namba pande zote za mguu wa 7, taa ikitokea huku au kule mkunjo ni uleule.

shaba_kuukuu: Asante sana mkuu. Nimetumia tochi ya simu, 1 ina ncha, mkunjo naupata kushoto na kulia mwa mguu ila wa kulia umefifia. Nyuma ile 1/100, yaani sehemu ya dola, imemezwa yote. Mzani unasoma gramu 9.8, si feki kweli?

fundi_lenzi: Ikiwa mpya ilitakiwa gramu 10.89, ya shambani kupungua hivyo kawaida tu. Cheki na nyuma ya kichwa cha mwanamke, kuna 1807 ya kawaida ina alama kama kimondo hapo, S-271, huo ni muhuri mwingine kabisa. Ukikiona kimondo basi 6 yako ni kutu.

Mama Sarafu: Na bei usianze kuipigia hesabu ya kiwanja, 7 kubwa ikiwa imeliwa hivyo hela yake ndogo.

shaba_kuukuu: Siuzi dada, hii inakaa. Kimondo hakipo, nyuma ya kichwa pameliwa kidogo lakini pako flati. Natafuta picha za S-273 nilinganishe zile herufi za LIBERTY zilizobaki zimekaaje na nywele, nikimaliza natupia picha hapa.