Mrejesho: jua la alasiri katika biro yetu, Lubumbashi

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini biro yetu inachemka kila alasiri wakati rido nzito zimefungwa, taa zinawaka mchana na klima haizimwi.

Mlisema kweli: rido iko ndani, na jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kivuli tumekihamishia nje. Madirisha yetu yanatazama magharibi, jua la jioni linakuja chini kabisa, kwa hiyo kibaraza cha juu kisingelizuia. Fundi wa kuchomelea alitufungia mabati yaliyosimama wima, yamegeuzwa kuelekea kaskazini. Hapo ndipo penye raha: jua la Oktoba hadi Februari, linalozama magharibi au kusini kidogo, linagonga bati, la Juni, wakati wa baridi, linazama kaskazini zaidi, nalo linapenya.

Mabati tumeyapaka rangi nyeupe, mwanga unaruka hadi darini. Mama mhasibu, ambaye droo yake ya chuma haikushikika saa tisa, sasa anaandika daftari lake bila taa.

Klima bado tunaiwasha Oktoba, lakini saa chache. Upande wa kaskazini, ambako jua la mchana linakuja kutoka juu, tutaweka kibaraza kifupi tu.