Mliokataliwa mkopo wa nyumba kisa CRB (wale wanaotunza taarifa za wakopaji) halafu mkajisafisha, tupeane uzoefu

Mwalimu wa Mrombo
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu, naishi Kwa Mrombo hapa Arusha, boma langu limeishia kwenye lenta mwaka wa tatu huu, masika yote yananyeshea humo, majani yameota sebuleni mpaka mbuzi wa jirani kashapajua ni kwake. Mwezi wa pili nikajikaza nikaenda benki kuomba mkopo wa kumalizia, hati ninayo, salari slipu ninayo, nikajua hapa nimemaliza. Afisa mikopo, dada mpole tu, akaingiza namba yangu ya NIDA, akakaa kimyaaa, akanigeuzia skrini: "Mwalimu, hii laini inayoishia na 46 ni yako?"

Aisee. Laini ya zamani hiyo, simu iliibiwa pale soko la Kilombero na sikuifuatilia tena. Kumbe kabla haijaibiwa nilikopa elfu saba kwenye simu. Elfu saba jamani! Imekaa kwenye taarifa kama mkopo chechefu, yaani usiolipwa, sawasawa na mtu aliyekula milioni kumi za watu.

Nikadhani nikilipa imeisha. Nikalipa, na gharama zake ikafika 9,400, baada ya wiki tatu nikarudi, bado ipo. Ndo nikaelekezwa kwamba ile kampuni ya simu ni dirisha tu, mkopeshaji mwenyewe ni benki iliyo nyuma yake, na CRB wanaandika kile alicholeta mkopeshaji, hawajifutii tu. Kwa hiyo unadai barua ya kumaliza deni kwa mkopeshaji na yeye ndo apeleke marekebisho. Barua nimeiomba, naisubiri. Na nyie ilikuwaje?

Mama Vitenge, Moshi
Pole mwalimu wangu. Mimi yangu ilikuwa kinyume, sikuwa na deni hata la mia. Nauza vitenge Mbuyuni mwaka wa tisa, mtaji wangu wote vikoba, sijawahi kuchelewesha rejesho hata wiki moja, kina mama wenzangu wote mashahidi. Benki wananiambia mama hatukuoni popote. Sionekani vipi na nimekaa mbele yako? Kumbe daftari la kikoba haliendi huko, mtu ambaye hajawahi kukopa kwenye mfumo wanamuogopa karibu sawa na mdaiwa.

Basi nikaanza kupeleka mauzo benki kila jioni badala ya kuweka kwenye kopo, halafu nikachukua mkopo wa biashara milioni mbili ambao wala sikuwa na shida nao, nikaurudisha miezi 12 tarehe ile ile. Mzee alinicheka, eti unalipa riba ya hela iliyokaa tu! Nikachukua na wa pili. Mwaka juzi ndo nikapewa wa nyumba, sasa hivi mzee analala ndani anakoroma hacheki tena.

Chalii wa Sakina
Oya, na wale wakopeshaji wa kausha damu nao wanapeleka majina CRB?

Baba Juni
@Chalii wapo wanaopeleka, usibahatishe, lipa.

Mimi sikukopa wala sikusahau, nilidhamini. Jamaa wa ofisini, tumekula wote ndizi nyama miaka sita, nikasaini. Akahamishwa Songea, rejesho likakata, simu mara ya kwanza "kaka mambo magumu", mara ya pili haipokelewi. Naenda kuomba wangu nakuta deni lake linanisubiri. Nimelipa 85,000 kila mwezi mpaka Novemba ndo nikaonekana msafi. Mke wangu hajui hadi leo, na humu asiingie.

Mangi Mdogo
Mwalimu, barua ikija usikimbilie kwanza. Kama una mkopo wa chuo wanakukata asilimia 15 ya mshahara, na sheria inataka theluthi ibaki, sasa ukiwa na kamkopo kengine ka mshahara juu yake unaweza kuwa msafi CRB na benki bado wakakwambia hupitiki. Mimi nilimaliza kale kadogo kwanza, miezi minane, ndo nikaomba. Na usiombe benki nne wiki moja, maombi nayo yanaonekana kwenye taarifa, mtu anakuona umehaha.

Mwalimu wa Mrombo
Asante mangi, hiyo ya theluthi nilikuwa naisahau. Taarifa yangu mwenyewe naipata wapi bila kumsumbua yule dada?

Mangi Mdogo
Waliopewa leseni ya CRB na BoT (Benki Kuu) ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, unaomba mwenyewe kwa kitambulisho chako. Soma mstari kwa mstari, hasa laini za zamani.

Mama Vitenge, Moshi
Na za mume pia kama mnaomba wote wawili!

Mwalimu wa Mrombo
Wakuu mrejesho. Barua imefika jana, nimeipeleka, yule dada kanionyesha ile elfu saba inasomeka imelipwa, haijafutika ila imelipwa. Kaniambia nirudi tarehe 20 na mthamini atakuja kuangalia boma. Nimeshinda leo nang'oa majani sebuleni. Mbuzi amekuja saa kumi kama kawaida yake, tumetazamana.