Inua manyoya kwanza: gumzo la ukoo kuhusu paka Cymric

Mwanaisha (Ottawa): Shikamooni wakubwa zangu. Tangazo ndilo hilo juu: "Cymric, jike, wiki 8, hana mkia kabisa, manyoya marefu, yuko tayari kuchukuliwa." Kabla sijamjibu muuzaji, niangalie nini?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Usianze na uso. Uso wa paka huyu ni duara, mashavu yamejaa, macho makubwa, mtu akimtazama tu mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Mgeuze, umtazame nyuma.

Mjomba Athumani: Marahaba. Wiki 8 ni mapema mno kwa paka asiye na mkia. Angoje miezi 4. Niko zahanati, nikimaliza wagonjwa nitaeleza kwa nini.

Babu Omari: Huku Mombasa paka wa hivyo akipita usiku watu watasoma Ayatul Kursi 😂

Shangazi Rukia: Babu, hata kwao wana visa vyao. Wanasema alichelewa kuingia safinani, Nabii Nuhu akafunga mlango, mkia ukabaki nje. Wengine wanadai alizaliwa na paka na sungura, jambo lisilowezekana kabisa.

Kaka Seif: Kwao ni Kisiwa cha Man, katikati ya bahari baina ya Uingereza na Ireland. Paka wao asiye na mkia anaitwa Manx, na wamempenda hadi wakamchora kwenye sarafu yao ya mwaka 1970. Cymric ni Manx huyohuyo, ila manyoya marefu. Tamka "kimrik". Jina limetolewa kwenye Cymru, yaani Wales kwa lugha ya Wales yenyewe, ingawa paka hakutoka Wales. Walioanza kumzalisha kwa makusudi ni wafugaji wa Kanada na Marekani miaka ya 1960, na chama cha paka cha Kanada ndicho kilichotangulia kumkubali kushindania ubingwa, 1976. Kwa hiyo Mwanaisha umemkuta nyumbani kwake.

Mwanaisha (Ottawa): Mbona muuzaji ameandika Cymric halafu kwenye cheti cha mama yake pameandikwa Manx?

Kaka Seif: Hapo hajakudanganya. TICA, chama cha kimataifa cha paka, wanaandika Cymric. CFA, chama kingine cha paka, walikuwa wakiandika hivyo, lakini tangu 1994 wamemrudisha kwa Manx, kundi la manyoya marefu. Paka mmoja, majina mawili, inategemea cheti kimetoka chama gani.

Shangazi Rukia: Sasa habari ya mkia. "Hana mkia" si kitu kimoja. Wafugaji wana majina manne, na tumbo moja laweza kuzaa yote manne.

Rampi ndiye asiye na kitu. Ukipapasa mwisho wa mgongo unakuta kishimo pale mkia ulipotakiwa kuanza. Rampi raiza ana vifupa vichache vilivyoshikana, huoni mkia ila akifurahi unahisi kitu kinainuka chini ya kiganja. Stampi ana kisiki, mara nyingi kimepinda na hakinyooshwi (usijaribu kukinyoosha, kinamuuma). Longi ana mkia mrefu, pengine sawa na wa paka yeyote wa mtaani.

Mashindanoni wanataka wawili wa mwanzo, ndiyo maana bei yao iko juu. Wewe huendi mashindanoni. Ukiniuliza mimi, chukua stampi au longi wa tumbo hilohilo. Tabia ileile, manyoya yaleyale, bei nafuu, na mgongo wenye nafasi nzuri zaidi ya kuwa mzima.

Dada Saumu: Na wale wanaochukua paka aliyebanwa mkia na mlango wakamwita Manx?

Shangazi Rukia: Wapo! Aliyekatwa mkia mfupa unaishia ghafla na kuna kovu, ngozi ngumu isiyoota manyoya vizuri. Aliyezaliwa hivyo ngozi ni laini na manyoya yamepita juu bila pengo. Tena tazama umbo zima: mgongo mfupi, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, kiuno kiko juu kuliko mabega, mapaja mazito. Mwili wa Cymric ni maduara tu, kichwa, kifua, matako. Akiwa mwembamba mrefu kama paka wa Siam, hata kama hana mkia, hilo ni jina la kuuzia tu.

Kaka Seif: Muulize muuzaji swali moja: baba na mama wote hawana mkia?

Sababu yake hii. Kinachofupisha mkia ni jeni moja, nakala moja inatosha. Mtoto akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hakui, anafia tumboni mapema sana na mama anabaki na watoto wachache. Kwa hiyo rampi kwa rampi, kwa wastani robo ya mimba inapotea, na katika wanaozaliwa hai utapata wawili wenye jeni hiyo kwa mmoja mwenye mkia kamili. Rampi kwa paka mwenye mkia kamili, nusu kwa nusu, na hakuna anayepotea kwa sababu hiyo. Mfugaji anayejua kazi yake huchanganya hivyo. Anayejisifu kwamba "ukoo wote hawana mkia, vizazi na vizazi" amekupa sababu ya kuondoka.

Mwanaisha (Ottawa): Na manyoya je? Anasema wazazi wote wana manyoya mafupi. Nikashtuka.

Kaka Seif: Usishtuke. Manyoya marefu ni jeni nyingine kabisa, na hiyo hujificha. Inataka nakala mbili ndipo ionekane. Wazazi wawili wa manyoya mafupi, kila mmoja akiibeba kimyakimya, huzaa mmoja kati ya wanne mwenye manyoya marefu. Hata kisiwani walikuwa wakizaliwa hivyo.

Mjomba Athumani: Haya nimekaa. Mwanaisha, soma hii polepole.

Jeni hiyo haikati mkia kama kisu kinavyokata. Inafupisha mwisho wa uti wa mgongo, na haijui mahali pa kusimama. Kwa mmoja inaishia kwenye mkia. Kwa mwingine inapanda juu: pingili za kiunoni zinapungua au zinashikana, au mfupa hauufuniki vizuri ugwe wa neva. Neva zinazotoka sehemu hiyo ndizo zinazobana kibofu, ndizo zinazofungua na kufunga njia ya haja kubwa, ndizo zinazoendesha miguu ya nyuma. Huo ndio ugonjwa wa Manx, na rampi ndiye aliye hatarini zaidi kuliko wenzake.

Kwa nini miezi 4? Kwa sababu mtoto wa wiki 8 bado anajifunza choo, akijichafua kila mtu anasema ni utoto. Kasoro hujionyesha anavyokua, na kwa wengi ikifika miezi 4 imeshaonekana. Muuzaji anayekuharakisha wiki 8 anataka kasoro ionekane kwako, si kwake.

Mwanaisha (Ottawa): Amenijibu sasa hivi. Ati anaruka kama sungura kwa sababu "mbegu hii ina miguu mirefu ya nyuma, ni kawaida."

Shangazi Rukia: Nusu kweli. Akikimbia, sawa, anarukaruka kwa sababu ya urefu wa miguu. Akitembea taratibu lazima miguu ya nyuma ipokezane, mmoja baada ya mwingine. Anayeunganisha yote miwili hata akienda bakulini, au anayetembea ameketisha kisigino chini, huyo ana jambo.

Mjomba Athumani: Hasa. Na umtazame juu ya zulia. Kwenye vigae kila mtoto wa paka huteleza, hutaelewa chochote.

Halafu inua manyoya ya nyuma. Hapa ndipo Cymric anapomshinda hata mnunuzi mjanja: Manx wa manyoya mafupi ukimtazama tu unaona kama amelowa, huyu amevaa suruali nzito ya manyoya hadi magotini, inaficha kila kitu. Tenganisha kwa vidole mpaka uone ngozi. Iwe kavu, rangi ya kawaida, bila harufu ya mkojo. Wekundu, unyevu au manyoya yaliyogandamana rangi ya njano maana yake mkojo unavuja.

Gusa kwa pamba pembeni mwa njia ya haja kubwa. Inatakiwa ibane mara moja. Ikibaki wazi, neva hazifanyi kazi. Kisha papasa tumbo. Ukikuta kitu kigumu kama mgongo wa pili chini ya tumbo, ni kinyesi kilichokaa siku nyingi.

Eksirei inaonyesha mifupa. Neva inataka kipimo cha MRI, ghali. Kwa hiyo macho yako na siku mbili tatu za kumtazama akienda msalani zina thamani kubwa.

Dada Saumu: Na akishachukuliwa, akafunga choo?

Mjomba Athumani: Hilo hutokea hata kwa wasio wagonjwa sana, njia ya nyuma ni finyu. Chakula cha kopo kiwe kingi kuliko kikavu, maji sehemu mbili tatu za nyumba. Boga lililochemshwa na kupondwa, bila sukari wala chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye mlo, na ukiona linamletea kuhara punguza. Siku mbili bila choo, au anakaa mchangani (kwenye mchanga wake wa choo) anajikamua na hakuna kitu, mpeleke kwa daktari. Utumbo mpana ukitanuka kwa kukaa na kinyesi haurudi ulivyokuwa.

Nawaomba sana: dawa ya kusafisha tumbo kwa nyuma inayouzwa duka la dawa kwa binadamu, ile yenye fosfati, MSIMTIE PAKA. Inamuua.

Mama Nadia: Mjomba kamaliza ya ndani, niseme ya nje. Manyoya yake ni tabaka mbili, la chini ni sufi nzito. Mabegani mafupi, yanarefuka kadiri unavyorudi nyuma, na marefu kabisa ni ya mapajani, tumboni na kwenye kola ya shingoni. Watu wanachana mgongo, unang'aa, wanaacha. Mgongo hausokotani! Vifundo viko kwapani, nyuma ya masikio na ndani ya mapaja.

Nunua kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na membamba upande mwingine. Mara mbili kwa wiki, na Ottawa majira ya kuchipua manyoya yanapopukutika chana kila siku. Anza na meno mapana, gawa manyoya kwa mstari, chana toka kwenye ngozi. Kitana kikipita juujuu tu umetengeneza kapeti, tabaka la chini limebaki limeshikana.

Ukikuta kifundo, shika shina lake karibu na ngozi ili usimvute, nyunyiza wanga wa mahindi kidogo, kifumue kwa vidole kuanzia nchani. Mkasi hapana. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika pamoja na kifundo, utadhani unakata manyoya kumbe ni nyama. Na usimwogeshe kabla hujafumua, maji yanakaza kifundo kama kamba ya mashua.

Shangazi Rukia: Mama Nadia, mwambie na ile ya nyuma.

Mama Nadia: Naam. Manyoya ya kuzunguka njia ya haja yapunguzwe kwa mashine ndogo, upana wa vidole viwili, wala haonekani vibaya. Kinyesi kikinasa hapo kinaziba njia na kuleta vidonda. Kila siku inua, tazama, futa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kausha. Dakika moja tu.

Babu Omari: Na mimi nikimtaka huku kwenye joto letu?

Mama Nadia: Babu, koti la Kanada hilo, Mombasa mwezi wa pili atataabika. Na usimnyoe, manyoya ndiyo yanayomkinga jua. Wewe tulia na paka wako wa dirishani, paka wa nyumba haingwa.

Kaka Seif: Kuhusu kuruka, msidhani bila mkia ataanguka. Mizani ya paka iko zaidi kwenye sikio la ndani, na miguu ile ya nyuma ni springi. Anafika juu ya kabati. Anafundishika kurudisha mpira, anafuata mtu mmoja chumba kwa chumba, na sauti yake ni kama njiwa anayeguguma.

Shangazi Rukia: Ukimbeba, mkono mmoja kifuani, mwingine umebeba matako. Usimning'inize kwa makwapa, mgongo wake ndio pa udhaifu. Na usimlishe ili anenepe haraka. Hawa wanakomaa taratibu, wengine hadi miaka 5, na wengi wanaishia kilo 3.5 hadi 5.5. Uzito wa ziada unaangukia mgongo uleule.

Mwanaisha (Ottawa): Nimemwandikia: nitatoa arubuni akiwa na miezi 4, si sasa. Nikamwomba video. Anauliza video ya nini hasa.

Mjomba Athumani: Tatu. Anatembea taratibu juu ya zulia, kamera iko nyuma yake. Anaingia na kutoka mchangani, bila kukatwa katikati. Ya tatu ianze akiwa amelala usingizi kwenye kitambaa cheupe. Amwinue, kisha kamera ibaki kwenye kitambaa.

Mwanaisha (Ottawa): Kitambaa cha nini mjomba?

Mjomba Athumani: Akiwa macho anaweza kujibana. Akilala, kibofu kibovu kinavuja.

Mwanaisha (Ottawa): Ameiona meseji. Anaandika... ameacha... anaandika tena.