Mnaounganisha nyuzi 33 za mchana na unyevu asilimia 90 wa alfajiri, acheni! Na nyie wa "mbona kawaida tu", acheni pia!

Wakuu, salaam.

Nimevumilia tangu juzi, leo nimeshindwa. Tangu utabiri wa wiki ijayo uanze kuzunguka kwenye magrupu yetu sisi wafuatiliaji wa hali ya hewa hapa Dar, watu wamegawanyika kambi mbili wanatukanana usiku na mchana, na kambi zote mbili zinapotosha. Nimesema kule nikaambiwa nina gubu. Basi nasemea hapa, wasome na wengine.

Naanza na kambi ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyonikera zaidi.

Kuna picha ya simu inasambazwa, nadhani wengi mmeshaipata. Imeandikwa joto la juu nyuzi 33, unyevu asilimia 90, na chini yake mtu kaandika kwa wekundu kwamba mwili utahisi nyuzi 55. Watu wameituma kwa wazazi wao, wameiweka kwenye status, mmoja kaituma kwenye grupu la wazazi wa darasa la mwanangu akiuliza kama shule zifungwe.

Hiyo hesabu ni uongo. Aliyeifanya labda hakukusudia kudanganya, lakini kachukua namba ya saa kumi na mbili asubuhi akaiunganisha na namba ya saa nane mchana. Asilimia ya unyevu haikai mahali pamoja kutwa nzima. Hewa yenye joto ina nafasi kubwa ya kubeba mvuke, kwa hiyo jua likipanda, mvuke ni uleule lakini asilimia inashuka. Alfajiri ikiwa nyuzi 26 na unyevu asilimia 90, hewa hiyohiyo ikifika nyuzi 33 mchana, unyevu unasoma kama asilimia 60. Hakuna tone lililoondoka. Chombo ni kikubwa zaidi, maji ni yaleyale.

Kwa namba sahihi, nyuzi 33 na asilimia 60, jedwali la Wamarekani la joto linavyohisiwa mwilini linakupa kama nyuzi 40. Arobaini, kivulini! Hiyo peke yake inatosha kumwangusha mtu anayebeba zege. Sasa kwa nini uongeze 15 za kubuni? Nyuzi 40 ulizipata kwa haki, ukazitupa ukachukua 55 za uongo.

Ukitaka namba isiyoyumba na saa, tazama kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo, mvuke unaanza kugeuka maji. Kwenye mfano wangu ni kama nyuzi 24 asubuhi, na ni kama 24 mchana. Programu nyingi za simu zinayo, imefichwa ukurasa wa chini. Shukeni mkaitafute. Mimi siku hizi nikiamka sitazami kitu kingine kabla ya hiyo.

Haya, kambi ya pili.

Hawa ndio wa "mbona kawaida tu, kila Januari ni hivi, Dodoma wanafika 34 na hawalii". Wengine wanatuletea Dubai. Mmoja aliandika, na akashangiliwa, kwamba watu wa Dar tumedekezwa na bahari.

Mkuu, umewahi kufua? Sikutanii. Chukua kanga, ifue asubuhi Dodoma mwezi wa Novemba, uianike. Kabla hujamaliza kusuuza ya pili, ya kwanza imekauka hadi imekakamaa. Lete kanga hiyohiyo Mbagala wiki hii ambayo upepo umelegea. Jioni unaianua kambani na pindo bado ni bichi. Hewa iliyoshindwa kukausha pindo la kanga ndiyo hiyohiyo unayoitegemea ikukaushe jasho.

Na jasho ndilo jambo lote. Mwili haupozwi na jasho kutoka, unapozwa na jasho kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Ile inayotiririka mgongoni na kudondoka chini haikukupoza, imekumalizia maji na chumvi bure. Kwa hiyo nyuzi 32 za Dodoma zenye unyevu asilimia 30, na nyuzi 32 za Dar zenye asilimia 65, ni vitu viwili tofauti. Kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi, kinachopozwa na maji yanayokauka kama ngozi inavyopozwa na jasho, kitasoma nyuzi 20 kule, na huku kitakaribia 27. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu anayechoka na mtu anayeanguka.

Tena lugha yetu ilishalijua hili kabla ya simu. Bibi zetu wa mwambao hawakuliita kila joto kwa jina moja. Kuna joto, na kuna fukuto. Joto ni la jua. Fukuto ni lile la ndani, upepo umekufa, chumvi imelowa kwenye kikopo, mtoto analia bila ugonjwa. Tuna neno zuri hivyo, halafu mtaalamu wa grupu anatuambia nyuzi ni nyuzi.

Na habari ya Dubai, naomba ikome. Wale wanaoutaja Uarabuni kama mfano wa watu wasiolalamika, waulizeni ndugu zetu walioko Muscat. Oman, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kazi za nje juani zimepigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Ni amri ya serikali. Wanaolijua joto ndio waliolitungia sheria. Hapa kwetu fundi yuko juu ya bati saa saba mchana na mtu kalala kwenye kiyoyozi anaandika "kawaida tu".

Sasa niwaambie kwa nini nina hasira, maana wengine mtasema ni namba tu nazigombania.

Mwaka jana mwanzoni mwa Machi ilipita picha ya aina hiyohiyo. Nayo ilikuwa na 55. Baba mdogo wangu ni saidia fundi, alikuwa kwenye mjengo mmoja mkubwa, siutaji. Mimi mwenyewe nilimpigia nikamwambia ile 55 si kweli lakini wiki hiyo ina fukuto baya, ajitahidi apumzike mchana. Siku iliyotajwa ikafika. Upepo ukavuma vizuri kutoka baharini, watu wakafanya kazi wakarudi nyumbani. Pale mjengoni wakacheka. Msimamizi akawaambia hadithi za mitandaoni zisiletwe tena kazini.

Siku nne baadaye upepo ukafa. Hakuna aliyesambaza picha yoyote siku hiyo, maana simu ziliandika 32 na 32 haimtishi mtu. Baba mdogo akamwomba msimamizi wakae kivulini hadi saa tisa. Akajibiwa kwa jibu lilelile la kambi ya pili: mbona kawaida.

Walikuwa wanamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Mwenzake ananisimulia kwamba jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni kwenye vumbi la saruji hadi vumbi likatoboka vishimo vishimo kama limenyeshewa. Akamwambia pumzika, hakusikia. Baadaye baba mdogo akaanza kumwita mwenzake huyo kwa jina la mtu mwingine, akawa anageuza ndoo ambayo haina kitu. Ndipo akakaa chini, akalala ubavu. Walimpelekea soda. Soda! Aliyeokoa ni mama lishe wa pale nje, aliyemmwagia maji ya kuoshea vyombo mwili mzima na kumpepea kwa mfuniko wa sufuria hadi bajaji ikaja. Zahanati walimkuta bado ana nyuzi 40.2, na hiyo ni baada ya kumwagiwa maji.

Alilala siku tatu. Mpaka leo akikaa juani kidogo anasema kichwa kinakuwa chepesi.

Kwa hiyo mtu asiniambie picha ya uongo haina madhara kwa sababu "inawafanya watu wachukue tahadhari". Haiwafanyi. Inawazoesha kutosadiki. Mkishatangaza 55 isiyokuja, ile 40 inayokuja kweli haina wa kuisikiliza. Kambi ya kwanza iliivunja imani, kambi ya pili ikaja kuokota vipande na kuvigeuza kejeli. Baba mdogo aliangukia katikati yenu.

Kuna jambo jingine sijaliona likijadiliwa hata mara moja kwenye kurasa zote hizo za mabishano. Usiku. Mnagombania saa nane mchana tu! Mwezi wa Februari usiku wa Dar unaweza usishuke chini ya nyuzi 26, na hiyo ni kipimo cha uwanja wa ndege, ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, juu ya majani, hewa inapita. Sasa ingia kwenye chumba cha kupanga Tandika, bati bila dari, ukuta wa tofali ambao kutwa nzima umekunywa jua na sasa unalitapika, dirisha moja lenye wavu wa mbu uliojaa vumbi, watu watano. Umeme ukikatika feni inasimama. Mwili uliochemka mchana ulikuwa unategemea usiku upoe, haukupoa, kesho unaanza ukiwa tayari na deni. Siku ya kwanza ya fukuto mtu anastahimili. Ni ya tatu na ya nne zinazoua wazee, na hamjaandika hata mstari mmoja kuhusu joto la chini la usiku.

Nimewasikia pia wanaouliza kwa nini iwe sasa wakati jua la utosini hapa Dar lilipita Oktoba. Swali zuri, lilistahili jibu kuliko matusi mliyompa yule kijana. Jua linapita utosini kwetu mara mbili, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena siku za mwanzo za Machi. Katikati limekwenda kusini, lakini bahari haipoi haraka. Inaendelea kujipasha miezi yote hiyo, na hewa yote tunayovuta imepita juu yake. Ndiyo maana Januari hadi Machi mvuke ni mwingi hata siku ambayo anga ina mawingu. Kaskazi ikivuma kwa nguvu hamsikii shida. Ikilegea, au hewa ikivutwa na kimbunga kilichojitokeza upande wa Madagascar, mnaachwa ndani ya chungu. Hivyo, kwa wiki ijayo, namba ya kubishania ni mwendo wa upepo. Nyuzi 33 zenye upepo wa kutikisa minazi na nyuzi 32 zenye moshi wa jiko unaosimama wima, mimi nitaogopa hizo 32.

Ninachotaka ni kidogo. Ukitaka kutuma utabiri, andika joto la juu na saa yake, kiwango cha umande, mwendo wa upepo, na joto la chini la usiku. Namba nne. Kama huna zote, sema huna. Ukiona mtu kaunganisha asubuhi na mchana, msahihishe palepale, hata kama ni admini, hata kama ana wafuasi elfu ngapi. Na wasimamizi wa magrupu, ile picha ifuteni. Imekaa siku mbili mnaitazama.

Na yeyote aliye na ndugu kwenye mjengo, sokoni au kwenye bodaboda amwambie hili: mtu akianza kuchanganya maneno kwenye joto, huyo si mchovu na hajalewa. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mumpepee, mkiwa njiani kwenda hospitali. Msimtilie soda mdomoni mtu ambaye hajui jina lake.

Wapo watakaosema mimi nani hadi niwafundishe. Sina cheti. Nina vipimajoto viwili vya kioo chini ya mwembe, kimoja kikavu, kingine nimekivisha utambi wa pamba unaonywa maji kwenye kikopo. Kila siku saa nane mchana nakipepea kwa kipepeo cha jikoni dakika tatu halafu nasoma vyote viwili. Nimeandika kwenye daftari tangu baba mdogo alipotoka zahanati, sijaruka siku. Mwenye shaka aje aone.

Leo saa nane: kikavu 32.4, kibichi 26.8. Moshi wa jirani umesimama wima. Baba mdogo amerudi mjengoni tangu Jumatatu, na nimempigia mara mbili hajapokea.