Mrejesho: Saini kwenye picha ya Led Zeppelin

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama nakala niliyonunua ya picha ya Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, mbele ya ndege yao, iliyopigwa na Bob Gruen mwaka 1973, ilikuwa kweli imetiwa saini kwa mkono. Nilifuata ushauri wa kuitazama saini kwa kioo cha kukuzia, nikaona vitone vidogo vya rangi badala ya mstari mzima wa wino, maana yake ilichapwa pamoja na picha. Niliirudisha, muuzaji alinirejeshea bei yake, lakini gharama za usafirishaji sikurudishiwa.

Baadaye nilipata nakala ya picha ya Jim Marshall, mpiga picha wa wanamuziki, yenye muhuri wa wasimamizi wa mirathi yake, kwani alifariki mwaka 2010 na nakala zilizochapwa baada ya hapo haziwezi kuwa na saini yake, jambo ambalo, nakiri, sikulifikiria hadi mmoja wenu alipolitaja.

Kuhusu picha yangu nyingine ya zamani, nimeiondolea kadibodi ya nyuma yenye asidi, ambayo hugeuza karatasi kuwa manjano, na kuiwekea kioo kinachozuia miale ya urujuanimno (miale ya jua inayofifisha picha), ila ukingo uliokwisha kugeuka manjano umebaki vilevile.