Starlet ya 1997 au Vitz ya 2002 kwa safari za Tanga hadi Korogwe?

MwanaTongoni: Wakuu, salaam. Nina Starlet ya 1997, injini haijawahi kunisumbua. Ngamiani hadi Raskazone nazunguka nayo bila wasiwasi. Sasa nimehamishiwa kazi Korogwe, kila Ijumaa na Jumatatu niko barabarani, na pengine mama watoto na wadogo wawili wako nyuma. Lori la saruji likinipita gari zima linayumba. Niiuze niongezee nichukue Vitz ya 2002, au nibaki nayo niendeshe kwa adabu?

Dereva wa Segera: Vitz. Toleo lile la kwanza Ulaya liliuzwa kwa jina la Yaris, na Euro NCAP, wale wa Ulaya wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, walipolijaribu mwaka 2000 likapata nyota 4 kati ya 5. Ila usilewe sifa. Jaribio lile ni kilomita 64 kwa saa kwenye kizuizi, siyo uso kwa uso na Scania.

FundiChumbageni: Nyota hizo lilipewa gari jipya, kaka. Gari lililokaa pwani hii miaka 15 chumvi imeshalila. Gongagonga kwa bisibisi kingo za chini ya milango. Ikizama, umenunua rangi. Kisha fungua swichi: taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, iwake halafu izime. Isipowaka kabisa, yawezekana kuna mtu kaing'oa balbu usijue ubovu. Na kuna hizi eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata. Toyota nyingi za miaka ile ziliitwa zirudi kubadilishwa, maana kemikali ya ndani inaharibika kwa joto na unyevu, siku ikifyatuka inarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo Tanga yenyewe hiyo! Namba ya chesisi ihakikiwe Toyota kabla hujatoa hela.

Mama wa Makorora: Mnazungumza mabati tu, na watoto je? Kwenye Starlet yangu mikanda ya nyuma ilifukiwa chini ya kava za viti. Nimekaa nalo miaka mitatu sijui kama ipo! Baba, inua kiti chako leo hii. Na mtoto asipakatwe mbele, hata kwa safari ya kufika Pongwe.

Kijana_Muheza: Mimi na Starlet yangu hatuachani. Ukitoka 80 ukaenda 100, nguvu ya kugonga inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na gari letu halifiki hata tani moja. Kwa hiyo 80 ndiyo mwisho wangu, usiku sisafiri, na nikiwa nyuma ya lori narudi hadi nione vioo vyake vyote viwili. Tairi nazo, soma tarakimu nne za ubavuni: 1219 ni wiki ya 12, mwaka 2019. Niliuziwa "mpya kabisa", kusoma nakuta ya 2011.

Dereva wa Segera: 80 yako nzuri, ila usisahau 50 ukiingia vijijini. Tochi za trafiki za kupima mwendo hazilali 😂

MwanaTongoni: Nimeinua kiti. Mikanda ipo, mmoja umetafunwa na panya, hautufai. Wiki hii watoto hawatoki mjini. Fundi, Jumamosi upo gereji? Kuna Vitz nimeonyeshwa Chuda, twende na hiyo bisibisi yako.

FundiChumbageni: Nipo. Njoo kabla ya saa nne, tukalitazame kukiwa na mwanga mzuri.